Panchi za bei nafuu, panchi za pini au fimbo maalumu: kipi kifae karakana ya kalamu Dar es Salaam?

Mtu anayekereza kalamu za mbao huanza kufikiria namna ya kuzifungua siku ile anapobana kizungushio, yaani kiungo kinachotoa na kurudisha bomba la wino, kikazama milimita mbili kupita alama yake. Kabla ya hapo mawazo yake yote huwa kwenye kukereza, kupiga msasa na kung'arisha. Baada ya hapo anagundua kwamba kalamu iliyokwisha kubanwa haina skrubu ya kuifungulia, kwamba sehemu zake zinashikana na mrija wa shaba ulio ndani ya mbao kwa kubanana tu, na kwamba njia ya kuzitoa bila kuumiza mbao ni kupitisha fimbo ya chuma ndani ya mrija huo na kuzisukuma kutoka upande wa pili. Ulinganisho huu unahusu fimbo hiyo: ipi inunuliwe, ipi iachwe dukani, na ipi mtu anaweza kujitengenezea mwenyewe.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mbao tunayo. Mchongaji wa vinyago pale Mwenge hubakiwa na vipande vya mpingo vilivyo vidogo mno kwa kazi yake lakini vinavyotosha kabisa kwa kalamu, na mafundi samani wa Keko wana mabaki ya mninga na mkongo ambayo kwao ni kuni. Tunachokosa ni viungo vyenyewe: ncha, kizungushio, klipu, kofia ya nyuma na mirija yake, ambavyo sisi tunaviagiza kutoka nje na kuvisubiri. Ukiharibu mbao umepoteza kazi ya saa moja, lakini ukivunja kizungushio umepoteza kitu ambacho huwezi kukifuata dukani kesho asubuhi. Kwa sababu hiyo kipimo changu cha kifaa cha kufungulia kalamu ni kimoja, nacho ni kama viungo vitatoka vikiwa vizima na kurudi kazini. Bei na sura ya kifaa vinakuja baada ya hapo.

Vinavyoshindana ni vinne. Kuna seti ya panchi za kuhamishia alama, ambayo ni fimbo nyingi zilizonyooka zenye unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna seti ya panchi za pini, ambazo mafundi wa magari na pikipiki hutumia kung'olea pini. Kuna fimbo maalumu za kufungulia kalamu zinazouzwa na wale wale wanaouza viungo. Na kuna vitu vya kuazima kutoka meza nyingine, kama vile biti za drili, fimbo za shaba na vijiti vya mbao ngumu.

Neno "panchi" peke yake halitoshi dukani, na ni vizuri msomaji alijue hili kabla ya kupanda daladala. Nilipokwenda Gerezani mara ya kwanza niliomba seti ya panchi, na muuzaji, kijana mwenye subira, aliniwekea mezani vifurushi vinne tofauti kisha akaniuliza, "Mzee, hizi zote ni panchi. Wewe unaitaka ya kazi gani?" Kifurushi cha kwanza kilikuwa cha panchi zenye tundu, za kutobolea ngozi na mikanda. Cha pili kilikuwa cha kugonga herufi na namba kwenye chuma, ambacho kwa kawaida huwa na vipande 27 vya herufi pamoja na alama ya &, na 9 vya namba, kwa kuwa 6 ikigeuzwa inakuwa 9. Cha tatu kilikuwa cha senta panchi, zenye ncha kali ya kuanzishia tundu la drili. Cha nne kilikuwa cha panchi za pini. Ile niliyoihitaji haikuwa miongoni mwa hizo, na niliipata baada ya kumweleza kwamba nataka fimbo zilizonyooka, zenye unene unaopanda kidogo kidogo, zilizopangwa kwenye kibao chenye matundu. "Ahaa, basi sema hivyo, mzee wangu," akasema, akainama chini ya kaunta akaitoa.

Kipenyo kwanza, chuma baadaye

Wengi wanaolinganisha panchi huanza na ubora wa chuma: kama ni kromu vanadi, kama kimetiwa ugumu, kama kinang'aa. Kwa fundi pikipiki anayepiga pini iliyoshikwa na kutu, swali hilo ni la haki. Kwa kalamu swali hilo ni la pili, kwa sababu sehemu tunazosukuma ni za shaba na plastiki, na chuma chochote kinachostahili kuitwa panchi ni kigumu kuzishinda. Linalovunja viungo vya kalamu ni fimbo isiyolingana na tundu.

Tazama jinsi kizungushio kilivyo. Nje yake, kwenye sehemu inayobanwa ndani ya mrija, kuna gamba la shaba, na ndani ya gamba hilo kuna sehemu ya plastiki inayozunguka ili kupandisha na kushusha rifili, yaani bomba la wino. Unapotaka kukitoa, fimbo yako inapaswa kukanyaga ukingo wa gamba la shaba, ambao ni mwembamba sana. Fimbo ikiwa nyembamba kuliko inavyotakiwa itaupita ukingo huo, itaingia ndani na kugonga plastiki, na kizungushio kitatoka kikiwa kimekufa. Fimbo ikiwa nene mno itakwaruza ukuta wa mrija, au itakwama kwenye gundi iliyoingia ndani wakati wa kugundisha, na ukiigonga kwa nguvu itausogeza mrija wenyewe na kupasua mbao. Kati ya hatari hizi mbili nafasi ni finyu. Mimi hutafuta fimbo iliyo nyembamba kuliko tundu la mrija kwa robo milimita hadi nusu milimita.

Sasa tuziweke seti mbili ubavu kwa ubavu. Seti ya kawaida ya panchi za kuhamishia alama ina vipande 28: ukubwa 27 kuanzia inchi 3/32 hadi 1/2, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa 1/64 ya inchi, na kimoja cha ziada cha 17/32. Kwa milimita, hizo ni fimbo kuanzia 2.38 hadi 13.49, na hatua kati ya fimbo na fimbo ni kama 0.4. Seti ya kawaida ya panchi za pini ina vipande vitano au sita, mara nyingi 3, 4, 5, 6 na 8, na hatua zake ni milimita nzima au mbili.

Chukua mrija wa kalamu nyembamba, ile tunayoiita ya milimita 7 kwa sababu ya biti inayotobolea mbao yake, ambao tundu lake la ndani nimelipima kwa venia, kifaa cha kupimia vipenyo, nikapata 6.2. Kwenye seti ya kwanza fimbo ya 15/64 ina milimita 5.95, na nafasi inayobaki ni robo milimita, yaani ndivyo hasa inavyotakiwa. Kwenye seti ya pili panchi ya 6 nayo inaingia vizuri, kwa hiyo hapa hakuna aliyeshindwa. Lakini chukua mrija wa kalamu nene kidogo wenye tundu la 7.6. Panchi ya pini ya 8 haiingii kabisa, na inayofuata chini yake ni ya 6, inayoacha pengo la milimita 1.6 na kwenda moja kwa moja kwenye plastiki. Kwenye seti ya panchi za kuhamishia alama unazo mbili za kuchagua: 19/64, ambayo ni 7.54 na inabana mno, na 9/32, ambayo ni 7.14 na inapita kwa utulivu. Mirija ya kalamu za wino wa kujaza ni mipana zaidi ya hapo, na huko seti ya panchi za pini haina la kusema.

Hesabu hii inanitosha kuiweka seti ya bei nafuu ya panchi za kuhamishia alama mbele ya seti nzuri ya panchi za pini, hata kama hiyo ya pili imetengenezwa kwa chuma bora mara mbili.

Kuna na suala la urefu, ambalo mtu hulisahau mpaka afike katikati ya kazi. Panchi ya pini ni nyembamba kwenye ncha yake tu, na juu yake kuna shina nene la kushikia. Sehemu hiyo nyembamba mara nyingi haifiki mbali zaidi ya milimita 50, na katika seti fupi ni pungufu sana. Shina likifika kwenye mdomo wa mrija, safari imekwisha hata kama kiungo hakijatoka. Panchi ya kuhamishia alama ina unene mmoja mwanzo hadi mwisho, na urefu wake wa takriban milimita 120 unatosha kupita kalamu nyembamba pamoja na kizungushio chake.

Namna kalamu nyembamba inavyofunguka

Nieleze kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu ndipo tofauti ya vifaa inapoonekana. Kwanza nusu ya juu ya kalamu huvutwa kwa mkono hadi ichomoke, kisha rifili hufunguliwa kwa kuzungushwa na kutolewa kupitia nyuma ya kizungushio. Sasa kizungushio kimebaki kama bomba tupu lililobanwa upande mmoja wa mbao, na ncha imebanwa upande wa pili. Ncha hutoka kwanza. Fimbo nyembamba hupitishwa ndani ya kizungushio, inavuka mrija wote, na kufika ndani ya ncha, ambako inasukuma mteremko wa ndani. Fimbo hii lazima iwe nyembamba kuliko njia ya rifili na nene kuliko tundu la mbele la ncha, la sivyo ama itakwama kwenye kizungushio ama itachungulia nje kwenye ncha bila kusukuma chochote. Mimi hujaribu ya 3/32, kisha ya 7/64, na kutumia ile nene zaidi inayopita bila kugusa. Hapa panchi ya pini haifiki, kwa ufupi wake.

Ncha ikishatoka, kalamu hugeuzwa, na fimbo ya 15/64 huingizwa kupitia upande wa ncha hadi iguse ukingo wa shaba wa kizungushio. Mbao huwekwa wima juu ya kigogo chenye tundu lililo pana kuliko kiungo lakini jembamba kuliko mbao, na chini ya tundu kuna kitambaa. Nyundo ya gramu 200 inatosha, na pigo la kwanza liwe la kuuliza tu. Sauti hubadilika kiungo kinapoanza kusogea: mwanzoni ni kavu na ya juu, halafu inakuwa nzito, na mkono unahisi fimbo inazama. Kutoka hapo mara nyingi kidole gumba kinatosha kumalizia. Kofia ya nyuma na klipu hutolewa kwa fimbo hiyo hiyo kwenye nusu ya juu, ila huko klipu hupenda kuruka, kwa hiyo funika kwa mkono.

Niliwahi kupoteza kalamu ya mpingo kwa kutoifuata njia hii. Mteja alikuwa ameniagiza kalamu ya zawadi ya kustaafu, nami nilikuwa nimebana kizungushio kikazama kupita alama, kiasi kwamba rifili haikurudi ndani hata ikizungushwa hadi mwisho. Nilikuwa na panchi ya pini ya 5 tu. Niliipiga, ikapita ukingo wa shaba, plastiki ikapasuka. Nikapiga tena, na safari hii shina la panchi likagonga mdomo wa mrija. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele na ulifuata nyuzi za mbao kutoka mwishoni hadi katikati. Mpingo ni mbao nzito inayozama majini, na ugumu wake humfanya mtu aamini kwamba unavumilia kila kitu, lakini ukuta wa kalamu nyembamba karibu na mdomo wake hauna unene wa kuvumilia pigo. Nilikereza nyingine usiku huo huo, na wiki ile ile nikaenda Gerezani.

Bei nafuu inapojionyesha

Seti ya bei nafuu haiko tayari kwa kazi siku unayoinunua, na ni haki kusema wazi kasoro zake. Ya kwanza inatokana na kazi yake ya asili. Panchi ya kuhamishia alama ina chuchu ndogo kali katikati ya ncha, kwa sababu imekusudiwa kupita kwenye tundu la bamba moja na kuweka alama katikati ya tundu hilo kwenye bamba lililo chini yake. Chuchu hiyo inachimba plastiki na kukwaruza ndani ya ncha ya kalamu, mahali ambapo rifili inapita. Unaweza kuigeuza fimbo na kutumia upande wa nyuma, lakini katika seti za bei ya chini upande huo huwa haukusawazishwa, na ukingo wake una makali yanayokata.

Dawa ya yote mawili ni alasiri moja ya kazi. Funga fimbo kwenye kichwa cha drili ya umeme, izungushe taratibu, na ishikishe tupa hadi chuchu iishe na uso uwe bapa. Vunja makali ya ukingo kwa tupa ndogo, kisha pitisha msasa namba 400 na baadaye 1000. Ukitumia mashine ya kusaga, gusa kidogo na uchovye majini kila mara, kwa sababu chuma kikigeuka buluu kimeshapata joto la nyuzi 300 hivi na ugumu wake umepungua. Fanya hivyo kwa fimbo saba au nane unazozitumia, na zilizobaki ziache na chuchu zake; siku ukitengeneza kibao cha kusimamishia kalamu utaona zinavyofaa kuhamisha alama za matundu.

Kasoro ya pili ni kwamba ugumu wa chuma chake haulingani. Pitisha tupa mpya kwenye ukingo: ikiteleza bila kung'ata, chuma kimetiwa ugumu, ikikila kama inavyokula msumari, ni laini. Kwa kazi yetu laini si kosa, kwani nguvu tunayotumia ni ndogo. Hatari iko kwenye fimbo iliyo ngumu hadi mwisho unaogongwa, kwa maana ncha ngumu ikigongwa na nyundo ngumu hurusha vipande. Miwani ya kukinga macho si ya hiari hapa. Fimbo laini ina shida yake pia: kichwa chake hupanuka kama uyoga baada ya muda, na ukingo ule uliopanuka hukatika na kuruka. Uondoe kwa tupa mara unapouona. Kuhusu unyoofu, viringisha kila fimbo juu ya kioo kabla ya kulipa. Zilizo nyembamba ndizo hupinda, na fimbo iliyopinda haifai hata ikiwa na kipenyo sahihi.

Kasoro ya tatu ni kutu, na hii Dar es Salaam haiongezewi chumvi kwa maneno, chumvi iko hewani. Rangi nyeusi iliyopakwa kwenye seti za bei nafuu haizuii unyevu wa masika, na nimekuta fimbo zenye madoa ya kahawia majuma mawili tu baada ya mvua kuanza. Kutu kidogo huongeza unene, hukwaruza shaba, na huacha unga mwekundu ndani ya kalamu ya mteja. Futa fimbo kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, usizihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki unaofungia unyevu, na kabla ya kuzitumia zikaushe kabisa, kwani tone la mafuta kwenye mdomo wa mbao nyeupe kama mwembe huacha doa ambalo msasa hauliondoi. Panchi za pini zilizopakwa kromu hushinda hapa, nami nakiri hivyo bila kinyongo.

Jambo dogo la mwisho kuhusu seti hii ni vipimo vya inchi. Sisi tunapima kwa milimita, na maandishi kwenye fimbo hufutika baada ya kupigwa msasa. Zungushia utepe wa rangi kwenye zile unazozitumia, na uandike milimita zake kwenye kibao mbele ya kila tundu.

Fimbo maalumu na vya kuazima

Fimbo maalumu za kufungulia kalamu zina sifa nzuri: ncha zake ni bapa tangu kiwandani, urefu wake umepimwa kwa kazi, na mtu asiyependa tupa anaweza kuanza kazi siku ile ile. Hata hivyo ni chache, na ukubwa wake umechaguliwa kulingana na viungo vya muuzaji yule yule. Ukinunua viungo kwa muuzaji mmoja miaka yote, hilo si tatizo. Sisi tunaochukua kilichopatikana, leo kutoka Uchina na kesho kutoka Marekani, tunakutana na mirija ambayo fimbo hizo hazikuifikiria. Ongeza gharama ya kusafirisha kifurushi cha chuma hadi hapa, na nisingemshauri anayeanza aagize, isipokuwa kama tayari anaagiza viungo na kifurushi kinaweza kuingia mzigo mmoja.

Biti za drili zina vipenyo sahihi na ziko tayari mezani, na shina lake laini hupita vizuri ndani ya mrija. Zitumie kupimia, na hata kusukumia kwa mkono au kwa jiliwa, kibanio cha mezani. Usizigonge kwa nyundo. Biti ikigeuzwa ili shina liingie kwenye kalamu, nyundo inaangukia upande unaokata, na chuma cha biti ni kikavu: kinavunjika badala ya kupinda. Kuhusu misumari mirefu iliyokatwa kichwa, ambayo karakana nyingi huanza nayo, shina lake huwa na mikwaruzo ya mashine karibu na kichwa na unene wake haulingani. Ni bora kuliko kukosa kabisa, na si bora kuliko chochote kingine nilichokitaja.

Fimbo ya shaba ni jambo jingine. Haikwaruzi ncha iliyopakwa rangi ya dhahabu, haipati kutu, na kuanzia milimita 6 kwenda juu haipindi kirahisi. Nikikuta kipande kwa wanaouza chakavu, hununua, nikakikereza hadi kipenyo ninachotaka. Na kwa mirija mipana, kuanzia milimita 9 hivi, kijiti cha mpingo kilichokerezwa kwa kufuata nyuzi zake ni kizuri kuliko chuma chochote cha kununua, kwa sababu kinakamata uso mzima wa kiungo bila kuacha alama. Kijiti hicho hakipigwi kwa nyundo ya chuma. Kinasukumwa kwenye jiliwa, au kugongwa kwa nyundo ya mbao, na mwisho wake ukianza kuchanika hukatwa.

Nani anunue nini

Anayetengeneza kalamu mbili tatu kwa mwezi, za aina moja nyembamba, anahitaji fimbo tatu tu: 3/32, 7/64 na 15/64. Akimpata muuzaji anayekubali kuuza moja moja, azichukue hizo. Asipompata, anunue seti nzima ya bei nafuu, kwa sababu viungo vichache atakavyoviokoa vitairudisha gharama yake. Anayetengeneza kalamu za aina nyingi kwa ajili ya kuuza asijiulize mara mbili: achukue seti ya vipande 28, azikate chuchu zile anazozitumia, na aongeze fimbo mbili za shaba kwa kazi zenye rangi ya dhahabu. Panchi za pini azinunue yule ambaye karakana yake inatengeneza pia mashine na baiskeli, akijua kwamba kwenye kalamu zitamsaidia mara chache.

Kundi moja linahitaji tahadhari ya pekee, nalo ni wale wanaoletewa kalamu za zamani za wino wa kujaza zirekebishwe. Katika nyingi za kalamu hizo nibu (ncha ya chuma inayoandika) na ulimi wa wino chini yake havikufungwa kwa skrubu, vimebanwa tu ndani ya kishikio, sehemu ya mbele inayoshikwa kwa vidole, na hutolewa kwa kusukumwa kutoka nyuma huku kishikio kikiegemea kigogo chenye tundu. Huko chuma kigumu ni adui. Loweka kwanza kwenye maji ya kawaida usiku kucha ili wino uliokauka uachie, kisha tumia fimbo ya shaba iliyo bapa, nyembamba kidogo kuliko ulimi wenyewe, na usukume kwa mkono kabla ya kuifikiria nyundo. Isipotoka, irudishe majini kwa usiku wa pili.